Mwezi bila chai ya maziwa wala chapati: sasa anza kurudisha

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, umri miaka 38, mama wa watoto wawili. Tangu Februari, baada ya kutibiwa amiba, tumbo lilikuwa likijaa gesi kila jioni hadi sketi inabana kama nina mimba ya miezi mitano, na asubuhi nakimbilia choo mara tatu kabla ya kengele. Rafiki yangu akanishauri niache kwa mwezi mmoja kila kitu kinachosumbua matumbo. Nikaacha maziwa, ngano, maharagwe, mayai, vitunguu na soda. Siku nne za kwanza kichwa kiliniuma vibaya sana, wakasema ni sumu inatoka. Baada ya hapo nikawa mtu mpya: gesi imepungua, choo ni mara moja, na nimepungua kilo tatu. Wiki ya tatu tu ndipo tumbo lilichafuka siku mbili, na sikuwa nimekula chochote kilichokatazwa. Nilikuwa kwa mama mkwe Siaya, tukala ugali, kuku na osuga, ile mboga chungu ya mnavu. Siku 30 zilikwisha Jumapili. Je, niendelee hivi maisha yangu yote? Adui ni yupi kati ya hivyo vyote? Kuna maabara mjini wanapima damu kwa vyakula 90, bei si haba, nikapime? Na mama mkwe ameanza kusema nimejiunga na dhehebu.

JIBU: Mwalimu, pole kwa miezi ya kushindana na kengele, na hongera kwa kuumaliza mwezi. Wengi ninaowaona hushindwa wikendi ya kwanza ya matanga, sinia ya chapati ikipita mbele yao.

Swali lako la kwanza, jibu ni hapana. Usiendelee hivyo. La pili siwezi kukujibu leo, wala wewe huwezi, kwa sababu mwezi ulioumaliza haujibu swali hilo. Umewatoa wanafunzi sita nje, darasa limetulia. Sawa. Lakini aliyekuwa akipiga kelele ni nani? Huenda ni mmoja. Huenda ni wawili ambao kila mmoja akikaa peke yake ni mpole kama njiwa. Na yupo, karibu nina hakika, aliyekuwa amejilalia tu dawati la nyuma na amefukuzwa bure. Hutawajua kwa kuwaacha wakae nje mpaka shule ifungwe.

Njia hii ya kuacha na kurudisha ina umri. Daktari Albert Rowe wa Marekani alikuwa akiitumia California tangu miaka ya 1920 kuwatafutia wagonjwa vyakula vilivyowadhuru. Siku hizi, kwa tumbo la gesi kama lako, inayotumika zaidi ni ile iliyoandaliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia. Wao huacha vyakula kwa wiki mbili hadi sita, kisha huvirudisha kimoja kimoja kwa muda wa wiki sita hadi nane hivi, halafu mtu hujipangia mlo wake kufuatana na alichokiona. Angalia hapo: kurudisha kunachukua muda mrefu kuliko kuacha. Lakini kwenye chumba cha walimu watu hupashana habari za kuacha tu, kwa kuwa ndiko kwenye hadithi.

Mimi mwenyewe nilishawahi kuharibu hapo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwambia mama mmoja aache maziwa na ngano, nikampa karatasi ya vilivyokatazwa, nikasahau kumpangia siku ya kurudi. Alirudi baada ya mwaka na zaidi. Alikuwa akila ugali, sukuma wiki na chai ya rangi, basi. Mikono imekonda, na yai, ambalo sikuwahi kumkataza, alikuwa akiliogopa pia. Tumbo lake bado lilikuwa linajaa. Alinitii kuliko nilivyostahili kutiiwa, na tangu siku hiyo simpi mtu karatasi ya kuacha bila ya kurudisha nyuma yake.

Sasa tuusome mwezi wako vizuri, maana umebeba mambo mengi kuliko unavyodhani.

Tuanze na ile sumu. Ilikuwa chai, Mwalimu. Ulipoacha maziwa uliacha na chai, si ndiyo? Mtu aliyezoea vikombe vitatu au vinne kwa siku akikata kafeini ghafla, kichwa huanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, hukaza siku ya kwanza na ya pili, kisha hulegea kidogo kidogo na kuisha ndani ya siku chache, wiki ikizidi sana. Hakuna kilichokuwa kikitoka. Ini na figo zako zilikuwa zikifanya kazi yake kabla ya mwezi huu na zinaendelea nayo. Ungekunywa chai ya rangi siku hizo nne, ungefundisha kwa raha zako.

Kilo tatu nazo usizipe ngano sifa. Ukiacha chapati, mandazi ya saa nne na soda, umeacha mafuta na sukari nyingi kwa mkupuo mmoja. Chupa ya soda ya nusu lita ina sukari inayozidi gramu 50, yaani zaidi ya vijiko kumi vya chai, na juu yake ni gesi ya kiwandani unayoimeza mwenyewe. Soda sikurudishii kwenye jaribio. Huyo alikuwa na makosa ya wazi.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba uliacha maziwa, maharagwe na mayai kwa pamoja. Kwa mshahara wa mwalimu, mwezi mzima wa nyama na samaki si mchezo, kwa hiyo nahisi siku nyingi umekula ugali na mboga tupu. Mwanamke wa umri wako anahitaji kalisi kama miligramu 1,000 kwa siku. Mpaka tumalize kazi hii, kula omena (dagaa) walio wazima, na mifupa yao, angalau mara tatu kwa wiki, na sukuma wiki kila siku. Kalisi ya sukuma wiki huingia mwilini vizuri kuliko ya spinachi, ambayo ina kitu kinachoikamata humo humo kwenye jani.

Sasa Siaya. Hapo ndipo niliposoma barua yako mara mbili.

Unasema hukula kilichokatazwa. Osuga wa mama mkwe alipikwaje? Najua jinsi anavyopikwa nyumba nyingi za huko, na wewe unajua kuliko mimi: majani huchemshwa, maji machungu humwagwa, halafu hutiwa maziwa na kurudishwa jikoni. Kesho yake yanaongezwa maziwa mengine, yanachemshwa tena kidogo. Siku ya tatu chungu bado kipo pale pembeni mwa moto, mboga imelainika, ule ukali umekwisha, na mchuzi wake ni wa kijani uliopauka kama chai iliyozidi maziwa. Mboga ya dek hupikwa vivyo hivyo. Kama ulikula osuga wa namna hiyo mchana na jioni, siku mbili, ulikunywa maziwa bila kujua. Na tumbo lako, ambalo halikuwa limeambiwa kitu, likajibu.

Huo ndio ushahidi bora zaidi katika barua yako yote, bora kuliko zile siku 28 nyingine, kwa sababu hukuwa ukiutarajia. Mtu akijua kwamba leo anajaribu maziwa, tumbo huanza kunguruma kikombe kikiwa bado mezani. Si uongo wala si kujifanya. Utumbo na ubongo huongea. Ndiyo maana lisilotarajiwa lina uzito.

Hata hivyo usimhukumu ng'ombe mapema. Kuku wa kumkaribisha mke wa mwana hapikwi bila kitunguu, na kitunguu ulikuwa umekiacha pia. Kwa hiyo Siaya imetuachia washukiwa wawili waliokaa sinia moja, na tutawatenganisha.

Maziwa kwanza. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho laktesi kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Karibu watoto wote wachanga wanacho. Baada ya utotoni hupungua kwa watu wengi, kama theluthi mbili ya watu wazima duniani. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wakaifanyia karamu, na gesi unayoisikia jioni ndiyo makombo ya karamu hiyo. Mwaka 2007 kundi la watafiti likiongozwa na Sarah Tishkoff lilionyesha kwamba kwa baadhi ya jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania kuna badiliko la jeni linalofanya laktesi isipungue ukubwani, na badiliko hilo si lile la Wazungu. Lilizuka huku huku. Ndiyo maana mwenzako anaweza kumaliza lita nzima akapanda bodaboda kwenda zake, na wewe kikombe kimoja kikakutafutia choo. Lakini usikisie kwa kabila. Tumeoana sana.

Kuna jambo kubwa zaidi kwako. Tumbo lako lilianza baada ya maradhi. Jina la amiba hubebeshwa karibu kila tumbo linaloharisha, lakini amiba hasa hushambulia utumbo mpana. Giardia, kimelea mwingine anayepatikana kwenye maji yale yale, hukaa utumbo mwembamba, na ukuta ukichubuka hapo laktesi hupungua kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kisha hurudi ukuta ukipona. Kwa hiyo huenda ulikuwa na tatizo la maziwa la kweli kabisa, na la muda tu. Maziwa yaliyokushinda Machi yanaweza kukukubali sasa. Ungeendelea kuyakwepa maisha yako yote, usingejua.

Kwa sababu hiyo hiyo, kabla ya kurudisha chochote peleka choo kipimwe tena, na si mara moja. Giardia hatoki kila siku. Sampuli tatu za siku tofauti ndizo zenye maana. Hapo Kisumu hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile mnayoiita Russia, si mbali nawe.

Choo kikiwa safi, chagua wiki ya kuanza. Isiwe wiki ya mitihani. Isiwe wiki inayotangulia hedhi, maana wanawake wengi hujaa tumbo siku hizo hata wakila hewa. Mwezi wako mmoja una hedhi moja tu ndani yake, kwa hiyo hatujui ni jioni ngapi mbaya za zamani zilikuwa zake. Na wikendi ya matanga usijaribu kitu, utakula vitu vinane kwa mkono mmoja.

Endelea na mlo wako wa sasa kama ulivyo, ila ongeza kimoja. Maziwa yajaribiwe maziwa matupu yaliyochemshwa, si chai, kwa sababu kafeini nayo huamsha utumbo na wewe umekaa mwezi bila hiyo. Siku ya kwanza nusu kikombe pamoja na chakula cha mchana. Kukiwa shwari, siku ya pili kikombe kizima, mililita 250, ambacho kina laktosi kama gramu 12. Siku ya tatu vikombe viwili, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Halafu acha maziwa tena na upumzike siku tatu, hata kama umejisikia vizuri kupindukia. Hapo ndipo watu huteleza: maziwa yakipita wanafurahi, wanayaendeleza, kesho wanaongeza ngano, na keshokutwa tumbo likiuma hawajui wamshike nani.

Andika. Usiandike "leo vibaya". Andika saa uliyokula, kiasi, saa tumbo lilipoanza, na alama kati ya sifuri na kumi. Laktosi hujibu kati ya nusu saa na saa chache, kwa hiyo tumbo la kesho yake mchana si lake. Na chukua utepe wa fundi cherehani ujipime kiuno kitovuni kila siku saa moja jioni, umesimama, bila kuvuta pumzi ndani. Mgonjwa wangu mmoja aliniapia kwamba tumbo lake lilikuwa limefura "vibaya kuliko siku zote". Utepe ulionyesha nusu sentimita. Mwingine alisema hana neno, na kiuno kilikuwa kimeongezeka sentimita tano. Wote wawili walikuwa wakweli, ila hakuna aliyekuwa akikumbuka jana vizuri.

Nusu kikombe kikipita na viwili vikishindwa, hujashindwa. Umejua kiwango chako. Watu wengi wenye upungufu wa laktesi hubeba kikombe kimoja kwa siku bila shida wakikigawa na kukinywa na chakula. Kikombe cha chai iliyopikwa nusu kwa nusu kina laktosi kama gramu sita. Yaani chai yako ya asubuhi, ninayodhani ndiyo unayoililia zaidi, ina nafasi nzuri sana ya kurudi. Mala ijaribu peke yake siku nyingine, kwani bakteria walioigandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Wengi maziwa yasiyoganda huwashinda na mala huwakubali.

Baada ya maziwa rudisha yai. Moja la kuchemsha, kesho yake mawili, basi. Sina mengi ya kusema juu yake. Nikiambiwa nimtaje aliyekuwa amelala dawati la nyuma, nitalitaja yai.

Kitunguu na ngano ni habari nyingine, na napenda uvisome pamoja. Mwaka 2018 watafiti wa Norway walichukua watu 59 waliokuwa wameacha ngano wakiamini gluteni, protini ya ngano, inawadhuru, ingawa hawakuwa na siliaki, ugonjwa ambao gluteni huharibu utumbo. Wakawalisha vitafunio vinavyofanana: vingine vina gluteni, vingine fruktani, vingine havina kitu, na hakuna aliyejua anakula kipi. Iliyowasumbua zaidi ilikuwa fruktani, si gluteni. Fruktani ni aina ya sukari ndefu ambayo hakuna binadamu anayeivunja. Imo kwenye ngano, na imo kwa wingi zaidi kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu. Kwa hiyo hawa wawili kwako huenda ni mtu mmoja aliyebadilisha shati. Rudisha kitunguu kwanza, robo kilichokaangwa ndani ya mboga yako mwenyewe, kesho nusu, siku ya tatu kimoja. Hapa usitarajie jibu la nusu saa. Fruktani huweza kungoja mpaka usiku, au hata kesho yake.

Kikikushinda, si mwisho wa mchuzi. Fruktani huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga kitunguu kwenye mafuta mpaka kinukie, kitoe chote, kisha ndipo utie nyanya. Harufu na ladha vimebaki. Majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani tu, nayo hayana neno.

Ngano ijaribu kwa chapati ya unga, maji, chumvi na mafuta kidogo uliyoikanda wewe, moja, kesho moja na nusu, kisha mbili. Usijaribu kwa mandazi. Andazi lina ngano, sukari, mafuta, mara nyingi maziwa, mara nyingine yai. Likikuuma huna la kuandika kwenye daftari. Mkate wa dukani pia una mambo yake.

Kama baada ya chapati hizo bado hujui, kuna njia ninayoipenda kwa sababu haina gharama. Mwombe mtu wa nyumbani akupikie uji wa wimbi asubuhi sita, siku moja moja ikirukwa katikati. Asubuhi tatu atie vijiko vitatu vya unga wa ngano, asubuhi tatu asitie, na mpangilio auandike kwenye karatasi yake na kuificha. Wimbi ni mweusi na una ladha nzito, ngano humezwa humo usiitambue. Wewe andika alama zako tu. Mwisho mkae mezani mlinganishe karatasi mbili. Nimeona familia zikicheka mpaka machozi hapo, na nimeona mama mmoja aliyekuwa ameacha ngano miaka minne akigundua kuwa uji uliomuumiza zaidi ulikuwa wa wimbi mtupu.

Ngano ikikupiga kweli kweli, usiifukuze kabla ya kupimwa siliaki. Ugonjwa huo haugunduliwi mara nyingi kwetu, lakini aliye nao anao maisha yote. Kipimo chake cha damu hutafuta askari, yaani kingamwili, ambao mwili huwatoa ukiwa unakula ngano. Ukipimwa leo baada ya mwezi bila ngano, majibu yanaweza kusema uko salama na huko salama. Inabidi ule ngano katika milo zaidi ya mmoja kila siku kwa angalau wiki sita kabla ya kutoa damu.

Maharagwe yaje mwisho, vijiko viwili vya kula, kesho nusu kikombe. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Na tuelewane: maharagwe yana sukari ambazo hakuna mtu mwenye kimeng'enya chake, wewe, mimi, wala mwalimu mkuu. Kutoa upepo baada ya nyoyo, yale mahindi na maharagwe, si ugonjwa. Tunachotafuta ni maumivu, kuharisha, na kiuno kupanda. Ukianza na kidogo ukaongeza kwa wiki kadhaa, tumbo nalo huzoea.

Kuhusu maabara ya vyakula 90, usiende. Vipimo vingi vya namna hiyo hupima kingamwili aina ya IgG, na hizo huonyesha chakula ambacho mwili umekutana nacho, si kinachokudhuru. Mtu wa Kisumu hupewa karatasi nyekundu ya samaki na mahindi kwa sababu ndivyo anavyokula kila siku. Vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya, Marekani na Kanada vimeshauri visitumike kutafuta chakula kisichomfaa mtu. Hizo pesa lipia vipimo vya choo na kipimo cha wingi wa damu, kisha zitakazobaki nunua omena.

Yapo mambo yanayofuta yote niliyosema. Ikiwa chakula chochote kiliwahi kukuvimbisha midomo, kukutoa vipele vya kuwasha au kukubana kifua ndani ya dakika au saa mbili, huo ni mzio wa kweli na hakirudishwi nyumbani kamwe, hata kwa kijiko. Ukiona damu chooni, homa, tumbo kukuamsha usiku kuharisha, kilo zinaendelea kushuka sasa unapokula vizuri, au ugali unakwama ukimeza, funga daftari uende hospitali. Hilo la kukwama nalisisitiza kwa watu wa magharibi ya Kenya, kwa kuwa saratani ya umio iko juu katika ukanda wetu. Na kama unatumia metformini ya kisukari, niambie, maana dawa hiyo peke yake huweza kuharisha mtu na tukawa tunamsingizia ng'ombe. Ukitaka mtu wa kukaa nawe ana kwa ana, hakikisha amesajiliwa na KNDI, taasisi inayosajili wataalamu wa lishe nchini. Kila mtu siku hizi ni mshauri wa tumbo.

Nimebakiza mama mkwe. Usimweleze habari za laktosi. Mwambie mama, tumbo langu liliharibika baada ya yale maradhi na daktari ananirudishia vyakula kimoja kimoja, na chako nimekihifadhi kiwe cha mwisho. Si uongo. Ukishamaliza maziwa na kitunguu hapo nyumbani, nenda Siaya Jumamosi moja ule ugali na osuga wake ule ule wa siku tatu, kuku umwache. Jumamosi nyingine ule kuku, osuga umwache. Beba utepe kwenye mkoba, jipime saa moja jioni, na uniandikie namba zote mbili.